Mwanzishaji mkono wa kushoto, waitikiaji mkono wa kulia

Orodha ya nyimbo huwa haifiki. Katika kazi ya taa za jukwaani huku Njombe, hilo nimelizoea kuliko kukatika kwa umeme. Kwaya zinakuja na mabasi kutoka Lupembe, Wanging'ombe na Ludewa, wengine wanateremka stesheni ya TAZARA Makambako na mabegi ya majoho, na katibu wa kamati anayo karatasi yenye majina ya vikundi tu. Kikundi kitaimba nini, hajui. Mwalimu wa kwaya mwenyewe anaamua akiwa ngazini, akishaona kama watu wamechangamka au wamepoa. Hapo mimi nimekaa nyuma ya uwanja, chini ya turubai, mikisa ya taa iko mbele yangu, natakiwa kuwasha wimbo nisioujua kwa watu nisiojua idadi yao wala mahali watakaposimama.

Wenye fedha wanafanya mazoezi majuma kadhaa kabla ya onyesho. Kila wimbo unapewa mfuatano wake wa taa, kompyuta inafuata saa ya muziki, na fundi anabaki kuangalia kama kila kitu kinakwenda. Sisi tunapiga taa laivu. Watu wanadhani kupiga laivu maana yake ni kuja mikono mitupu na kubahatisha. Ukija mikono mitupu utabaki kubonyeza vitufe, taa zitazunguka, na hakuna atakayejua amtazame nani. Kazi kubwa inafanyika kabla, unapoamua kitu gani kikae chini ya kidole gani. Na baada ya miaka ya kuzunguka na mitambo nimeona kwamba mpangilio ambao wengi wetu tuliunakili kutoka video za ng'ambo ulitengenezwa kwa muziki mwingine. Wetu una mwanzishaji na una waitikiaji. Mikisa yangu nimeigawa hivyo.

Nimekulia Matembwe, tarafa ya Lupembe. Katika miaka ya 1980, shirika la CEFA la Italia lilishirikiana na kijiji kujenga mtambo mdogo wa umeme wa maji, wa kilowati zisizofika 200, na kampuni ya kijiji, Matembwe Village Company, ikajulikana kwa umeme huo na kwa vifaranga. Mtoto aliyekua karibu na mtambo kama huo anajua mapema kwamba umeme una kiasi: mashine ya kusaga ina sehemu yake, taa za nyumbani zina sehemu yake. Ndiyo sababu kabla sijafikiria rangi nahesabu wati. Taa ya bimu ya aina inayokodishwa sana siku hizi, ile ya balbu ya wati 230, inavuta kama wati 350 ukijumlisha feni na mota zake. Ukipata 12 ni wati 4,200. Soketi ya ampea 13 kwenye volti 230 inakupa wati 2,990 kwa nadharia. Mimi siweki zaidi ya bimu sita kwenye njia moja, na fundi sauti namwomba njia yake tofauti, maana mlio wa taa ukiingia kwenye spika lawama zitakuja kwangu.

Mikisa yenyewe ninakutana nayo siku ileile. Mitambo inakodishwa Mbeya, Iringa au Dar es Salaam, na kinachoshushwa kwenye Fuso ndicho utakachotumia. Siku moja ni Avolites ya Uingereza, siku nyingine ni kopi yake kutoka China iliyobandikwa jina lilelile, na siku nyingine ni kiboksi cha chaneli 192 kisicho na hata kioo. Kazi uliyoihifadhi kwenye flashi kwa mikisa ya kampuni moja haisomeki kwenye ya kampuni nyingine. Kwa hiyo mpangilio wangu upo kwenye karatasi ya daftari la hesabu, nimeuchora kwa kalamu, na ninaujenga upya kila ninapofika.

Lugha ambayo mikisa zote hizo zinazungumza na taa ni moja, DMX512, iliyowekwa na mafundi wa majukwaa Marekani mwaka 1986. Waya mmoja unabeba chaneli 512, kila chaneli ina thamani kuanzia 0 mpaka 255, na taa zinaunganishwa moja baada ya nyingine, kila moja ikisikiliza namba zake tu. Bimu ya chaneli 16 ya kwanza naipa anwani 1, ya pili 17, ya tatu 33, mpaka ya kumi na mbili ambayo inaanzia 177 na kuishia 192. Pakeni za LED, zile taa za rangi zisizozunguka, naanza nazo 201 kama mikisa inafika huko. Ile nafasi ya 193 hadi 200 naiacha makusudi, ili usiku mtu akiuliza taa gani imegoma nijue kwa namba tu ni ya kundi gani. Mwisho wa waya nachomeka kizuizi cha omu 120. Kuna mafundi wanaokiona ni pambo, na hao ndio utawasikia wakilalamika kwamba bimu zao zinatetemeka. Waya wa maikrofoni nao unaweza kufanya kazi jioni nzima, na unaweza kukuangusha katikati ya wimbo; mimi siuchukui kama nina njia nyingine.

Mpaka hapo hujaprogramu chochote. Umeziambia taa majina yake tu.

Sasa paleti. Ningeulizwa nifundishe jambo moja tu katika kazi hii, ningefundisha hilo. Bimu moja ina mota ya kuzunguka kwa mlalo na mota ya kuinama, na kila mota ina chaneli mbili, ya hatua kubwa na ya hatua ndogo. Mlalo wake ni nyuzi 540. Ukitumia chaneli ya hatua kubwa peke yake unagawa nyuzi hizo kwa 255, kila hatua inakuwa zaidi ya nyuzi mbili, na kwa umbali wa mita 20 mwanga unaruka kama sentimita 70. Mwimbaji amesimama hapa, mwanga unaangukia jirani yake. Kwa hiyo kulenga taa 12 kunataka utulivu, na utulivu ni kitu ambacho jukwaa la Njombe halina baada ya saa kumi jioni.

Ukihifadhi mandhari yako kwa namba ghafi, kwamba bimu ya tatu iko 127 kwa mlalo na 88 kwa kuinama, umeharibu kazi ya kesho. Kesho uko Makambako, jukwaa ni pana zaidi, trasi, ile fremu inayobeba taa, ipo chini zaidi, na kila ulichohifadhi kinaelekea pasipo na mtu. Itabidi urudie kimoja kimoja. Lakini ukitengeneza kwanza sehemu chache zenye majina, ndizo paleti zenyewe, halafu mandhari zote ukazijenga kwa kuyataja majina hayo, ukifika uwanja mpya unarekebisha sehemu tu. Mandhari zinafuata zenyewe.

Sehemu zangu ni sita. Mwanzishaji: pale penye maikrofoni ya katikati. Kwaya: mstari mzima wa nyuma. Kutunza: chini ya jukwaa, mbele kidogo. Watu: juu ya vichwa vya watazamaji, wala si machoni mwao. Mwinuko: bimu zote zinaelekea angani zikiwa zimefunguka. Na Miti. Taa 12 kwa sehemu sita ni malengo 72, lakini taa za kushoto na kulia zikipangwa kwa jozi nusu ya kazi inajifanya yenyewe. Mchana huoni bimu, hivyo malengo yanasubiri jua lizame, na jua likizama kwaya zimekwisha anza. Napita sehemu moja moja huku wimbo unaendelea, natumia taa mbili kulenga wakati kumi zinafanya kazi, na aliyekaa mbele anadhani ndivyo ilivyopangwa.

Ya Kutunza haimo kwenye video yoyote niliyowahi kujifunzia. Kwenye uzinduzi wa albamu ya kwaya hapa kwetu, mgeni rasmi akishatoa ahadi yake, watu wanainuka na noti mkononi, wanacheza mpaka mbele, wanatunza. Mama mmoja anaanza, kikundi chake cha vikoba kinamfuata, halafu familia nzima ya mwimbaji. Kwa dakika kumi onyesho limehama jukwaani, liko kwenye nyasi. Fundi asiye na sehemu hiyo anabaki kumulika waimbaji ambao hakuna anayewatazama, na mpiga video, ambaye ndiye atakayeuza DVD, anapata giza lenye mikono. Kitufe changu cha Kutunza kiko pembeni kabisa, peke yake, nakipata bila kuangalia. Kinaleta mwanga wa joto, usioyumba, kutoka pande mbili, kwa kuwa wanaotunza wanatembea na hawajui jukwaa. Ukiwapiga kwa taa kali ya mbele wanashindwa kuona ngazi.

Miti inatokana na jambo nililoliona Unguja. Tamasha la Sauti za Busara linafanyika tangu 2004, kwa miaka mingi Ngome Kongwe, na sharti lake ni kwamba kila anayepanda apige muziki laivu. Kikundi kinashuka, kingine kinapanda, kutoka nchi tofauti, na ni nadra fundi taa kuletewa mpango. Nilisimama nyuma karibu na meza ya taa nikitazama mikono ya watu wa pale. Nilitegemea kuona mbinu za kasi. Nikaona kwamba sehemu kubwa ya uzuri ilikuwa ukuta. Ukuta wa mawe wa ngome ile umepewa rangi moja kutoka chini, ukaachwa wimbo mzima, na bendi ikapata ukumbi ambao hakuna turubai linaloweza kuutoa. Sisi hatuna ngome. Tunayo misindano. Viwanja vingi vya Lupembe na Matembwe vina msitu wa kupanda nyuma yake, mistari kwa mistari, na pakeni nne za LED zikiwekwa chini na kuelekezwa juu kwenye miti hiyo, jukwaa la mbao na turubai la plastiki linapata kina. Mwenye mitambo mara ya kwanza aliniuliza kwa nini nachukua taa nne kuzipeleka porini. Siku hizi anazipakia bila kuulizwa.

Narudi kwenye kugawa mikono. Mikisa yoyote ya maana inafuata kanuni mbili. Ukali wa mwanga unakwenda kwa aliye juu zaidi: feda mbili, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha, zikiigusa taa moja, iliyo juu inashinda, na ukishusha moja nyingine inabaki. Rangi, mwelekeo na mwendo vinakwenda kwa aliyegusa mwisho. Kanuni hizi zisipokukaa kichwani utashangaa usiku kucha. Unapandisha feda ya kwaya na ghafla mwanzishaji amegeuka kijani, kwa sababu ulihifadhi rangi ndani ya feda ya ukali. Kwa hiyo ninavitenganisha. Feda za kushoto na kulia zinabeba ukali na si kitu kingine. Rangi zina safu yake ya vitufe juu. Sehemu zina safu yake. Mwendo una feda mbili katikati, moja ya kasi na moja ya ukubwa wa duara. Kwa vipande vichache hivyo unaweza kuchanganya mandhari nyingi kuliko utakazozihitaji, na hakuna mkono unaoharibu kazi ya mwenzake.

Mkono wa kushoto una feda tatu za mwanzishaji: mwanga wa uso, mwanga wa kisogo na mabega, na mwanga wa rangi unaomzunguka. Mkono wa kulia una feda za waitikiaji: mwanga mpana wa kwaya, bimu za nyuma yao, na zile taa kubwa za kuwamulika watazamaji, kwa kuwa katika pambio watazamaji nao ni waitikiaji. Mwanzishaji akiinua, kushoto kunapanda na kulia kunakaa chini, pamezimika nusu. Kiitikio kikiingia, kulia kunapanda. Kushoto sishushi. Hapo wengi wanakosea kwa kufikiri kwamba ni zamu, mmoja anazimwa mwingine anawashwa. Sikiliza kwaya yoyote ya kwetu: mwanzishaji hajamaliza neno, waitikiaji wamekwisha ingia, na wao hawajamaliza, yeye anarudi juu yao na maneno ya mstari unaofuata. Sauti zinapandana. Mwanga lazima upandane. Kwa hiyo vitufe vya waitikiaji nimevipa kuingia papo hapo na kutoka kwa sekunde moja na nusu, ili mkia wa kiitikio ubaki kwenye mwanga wakati mwanzishaji ameshaendelea.

Mpangilio wa video za ng'ambo umejengwa juu ya mapigo manne na ule mshindo mkubwa unaosubiriwa baada ya ngoma kupanda. Unafaa sana kwa msanii wa Bongo Fleva anayeimba juu ya pleibeki, kwa kuwa wimbo wake umetengenezwa studio na hautabadilika. Lakini kwaya ikikolea inaweza kurudia kiitikio mpaka mwalimu atosheke. Hesabu ya mapigo haikusaidii hapo. Kinachokusaidia ni kumtazama mwalimu. Mkono wake unafunguka kabla ya sauti, karibu pumzi moja kabla, na pumzi hiyo ndiyo nafasi yangu yote. Ndiyo maana namwachia mwanga kidogo hata kama amewapa watazamaji mgongo. Nisipomwona mkono, nimekwisha. Kwaya zinazocheza bila mwalimu natazama mguu wa mpiga kinanda.

Muziki wa dansi una ramani yake. Msondo Ngoma, bendi iliyozaliwa 1964 kama NUTA Jazz, na wenzao wa Sikinde, walituzoesha wimbo wenye sehemu mbili: mwanzo wa taratibu unaobeba kisa, halafu chemko, gitaa la solo linapochukua usukani na watu wanaacha viti. Kwaya nyingi za injili za ukanda huu zimeuchukua mtindo huo, pamoja na sebene la Kongo. Ukijua ramani hiyo, unajua cha kuficha. Sitoi nyeupe kali kabla ya chemko. Sizungushi bimu kabla ya chemko. Kisa kinaposimuliwa nina rangi mbili na uso unaoonekana, basi. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha alinung'unika: "Dada, taa zote hizi na unatumia nne?" Nikamwambia asubiri mpiga ngoma ageuze. Mpiga ngoma anaponyanyua mkono wa kulia na kupiga mfululizo kwenye ngoma ndogo, hapo ndipo bimu zinainuka, na zinaonekana nyingi kwa kuwa zilikuwa zimekaa.

Singeli ni habari nyingine. Muziki huu wa mitaa ya Dar es Salaam unakwenda kasi ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Ukigonga kitufe cha kasi kufuata kila pigo, mota za bimu hazifiki zinakotumwa kabla hazijaambiwa zirudi, na unachokiona ni taa zinazotetemeka palepale. Nagonga mara moja kwa kila mapigo manne. Miili ya wachezaji inabeba kasi yenyewe, taa zinabeba hatua ndefu.

Hesabu hiyohiyo inahusu taa za kumweka. Mapigo 240 kwa dakika ni mimweko minne kwa sekunde ukifuata kila pigo, na miongozo ya utangazaji duniani inaonya kuhusu mimweko inayozidi mitatu kwa sekunde kwa ajili ya watu wenye kifafa cha mwanga. Desemba 1997, Japani, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilipeleka mamia ya watoto hospitali kwa mimweko ya nyekundu na buluu. Kwetu kifafa bado kinafichwa. Mtu hatakuja kukuambia mwanawe anacho. Kwa hiyo kitufe cha kumweka kwenye mikisa yangu kimewekewa kikomo cha mimweko miwili kwa sekunde, na kinafanya kazi pale tu ninapokibana; nikiachia kinakufa. Kanisani hakipo kabisa. Mchungaji mmoja alinijia kabla ya ibada ya usiku, akanisalimu, "Kamwene, dada wa taa," nikaitikia, akasema kwa upole kwamba hataki disko. Nilimwonyesha feda zangu mbili za mwendo, nikaishusha ya kasi mpaka bimu zikawa zinapita kwenye dari polepole. Akatazama kidogo. "Hiyo sawa," akasema, "hiyo hata wazee wataivumilia." Tangu siku hiyo nina ukurasa mzima wa makanisani: hauna kumweka, hauna nyekundu nzito, na mwendo wake wa juu kabisa ni theluthi ya ule wa uwanjani.

Kuhusu nyuso nina ukali kidogo. Mafundi wengi wanapenda buluu na kijani kwa kuwa zinaonekana kali kwenye simu. Ngozi nyeusi chini ya kijani inaonekana ya mgonjwa, na chini ya buluu tupu sura inapotea, unabaki na meno na joho. Mwanga wa uso uwe wa joto, unaoelekea rangi ya kaharabu, utoke pembeni kwa nyuzi kama 45, na mwingine hafifu wa zambarau nyepesi kutoka upande wa pili. Kisogo kipewe taa yake, la sivyo kichwa cheusi kinaungana na turubai jeusi. Majoho meupe yanataka kupunguza, kwa kuwa kamera inaona joho kwanza na kuufanya uso kuwa giza. Mwenye mitambo akiniambia safari ijayo ataongeza bimu nne, namwomba abadilishe, alete pakeni mbili nzuri za mwanga wa joto. Bimu zinauza tangazo, hilo namwelewa. Lakini mama aliyetoka Kidegembye na nauli yake amekuja kumwona binti yake akiimba.

Makambako na Njombe hazifanani hata kwa hewa. Makambako ni njia panda: barabara ya kwenda Zambia, reli ya TAZARA, barabara ya Songea, na njia ya umeme wa kilovolti 220 inayokwenda Songea, vyote vinakutana hapo, na upepo nao. Upepo wa Makambako umewavutia mpaka wawekezaji wa mitambo ya umeme wa upepo. Kwa mtu wa taa maana yake ni kwamba mashine ya moshi unaiweka upande unaotoka upepo na bado moshi unapita jukwaani kwa kasi, bimu zinaonekana na kupotea. Trasi naifunga kwa kamba na mifuko ya mchanga, na siipandishi kimo chote. Bimu za hewani siziwekei matumaini. Nategemea rangi juu ya watu na vitu. Ukipanda Njombe, na zaidi ukiingia Matembwe mwezi wa saba, ukungu unaingia uwanjani wenyewe jioni. Hauhitaji mashine. Bimu moja tu inachora mstari kutoka jukwaani mpaka juu ya misindano, watu wanashangilia kabla mtu hajaimba. Ubaya wake ni maji. Ukungu ni unyevu, na lenzi ya taa yenye joto ikizimwa inapata umande ndani. Kwa hiyo usiku wa ukungu sizizimi bimu kabisa kati ya kikundi na kikundi; nafunga kilango cha mwanga, balbu inaendelea kuwaka, joto linabaki.

Sababu nyingine ya kutozizima ni tabia ya balbu zenyewe. Si uzi unaowaka kama wa zamani. Ni gesi iliyobanwa ndani ya kioo, na ikizimika ikiwa moto haiwaki tena mpaka ipoe, dakika kadhaa. Umeme ukikatika na jenereta ikashika baada ya nusu dakika, LED zinarudi palepale, bimu hazirudi. Mikisa nayo inataka dakika moja au mbili kuamka, isipokuwa umeipa betri yake ya akiba, na mimi siendi popote bila hiyo betri. Kwa hiyo kwenye kila ukurasa wangu kuna feda moja ya LED tupu: uso wa mwanzishaji, kwaya na miti. Umeme ukirudi naipandisha hiyo, wimbo unaendelea, bimu zinajiunga zikiwa tayari. Mara nyingi kwaya haikunyamaza hata giza lilipokuwa. Ngoma na sauti havihitaji soketi.

Mazoezi nafanya nyumbani. Programu ya MagicQ ya ChamSys inapatikana bure kwa kompyuta mpakato, ina jukwaa la kuchora ndani yake, na QLC+ nayo ni bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta dhaifu. Huhitaji taa hata moja. Naweka nyimbo za kwaya nisizozijua, ambazo watoto wa jirani wamenichagulia, na napiga kana kwamba niko uwanjani. Wanafunzi wangu nawakataza kitufe kimoja tu, kile cha taa kufuata sauti zenyewe. Kwenye viboksi vya bei rahisi nimekifunika kwa plasta. Kinasikia besi, hakimsikii mwanzishaji.

Kwa sasa nahangaika na kugawa mkono wa kulia mara nne: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja na feda yake, ili besi wakiingia peke yao mwanga uwafuate. Kwenye kompyuta inapendeza. Uwanjani inanishinda kwa sababu kwaya zetu hazisimami mahali pamoja; mstari wa pili wa wimbo sauti ya tatu imeshacheza mpaka upande wa sauti ya kwanza. Nimeanza kuwaomba walimu waniambie wanaishia wapi, siyo wanaanzia wapi. Wawili wamekubali kunichorea kwenye daftari kabla ya Pasaka.